Kisa Kije Darasani na Kipimo Chake

Kila baada ya misimu michache ya mvua, habari ileile hurudi redioni: reli ya kati imekatika kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa. Mto Kinyasungwe umefurika, tuta limemegwa, vyuma vya reli vimebaki vikining'inia, abiria wamekwama na mafundi wako njiani. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikuwa mabaya kiasi kwamba treni zilisimama kwa miezi kwenye kipande hicho. Mtoto anayesoma Gulwe au Godegode hahitaji redio kuyajua hayo, kwa kuwa maji hupita karibu na kwao. Lakini akiingia darasani hukuta ubaoni sentensi ya kunakili: mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la udongo kwa maji, upepo au shughuli za binadamu. Fasili hiyo haina kosa. Ataikariri, ataijibu kwenye mtihani, na huenda asijue kamwe kwamba sentensi ile na lile tuta lililomegwa ni jambo moja. Habari iko nje ya dirisha, somo liko ubaoni, na hakuna aliyepewa kazi ya kuvikutanisha.

Makala haya yanatetea kwamba kazi hiyo ifanywe, na kwamba njia yake ipo. Sayansi hueleweka zaidi inapofika darasani kama kisa cha namna jambo lilivyojulikana, kikasimuliwa kwa nidhamu ya mwandishi wa habari mzuri: nani aliuliza, kwa nini aliuliza, alipima nini, alipata kiasi gani, nani anabisha na kwa hoja ipi. Ngano, vitendawili na visa vya sungura na fisi vina nafasi yao shuleni, lakini si vinavyozungumziwa hapa. Linalozungumziwa ni kisa cha kweli kinachoweza kukaguliwa, kisa kinachokuja na kipimo chake. Bila kipimo, kisa huvutia na kupotosha kwa nguvu ileile. Kipimo nacho kikija peke yake huingia daftarini, kikatoka mtihani ukiisha.

Tuanze na kisa kilicho karibu. Mpwapwa ina kituo cha utafiti wa mifugo ambacho historia yake inarudi nyuma hadi enzi za Wajerumani, na ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Wengi wanakifahamu kwa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, waliopatikana kwa kuchanganya damu ya zebu wa nyumbani, ng'ombe wa Bara Hindi kama Sahiwal na Red Sindhi, na kiasi kidogo cha damu ya ng'ombe wa Ulaya. Kazi isiyotajwa sana ni ile ya miaka ya 1933 hadi 1935. Mtafiti R. R. Staples alitenga vitalu kwenye mteremko, vyote vikinyeshewa mvua ileile, akaviacha vitofautiane kwa jambo moja tu, nalo ni kile kilichofunika ardhi. Kitalu kimoja kiliachwa kitupu. Cha pili kililimwa nafaka. Cha tatu kilikuwa na nyasi, na cha nne kichaka ambacho mifugo haikuruhusiwa kukigusa. Chini ya kila kitalu, maji yaliyotiririka yalikingwa na kupimwa pamoja na udongo uliobebwa. Kwenye ardhi tupu, takriban nusu ya mvua yote ilikimbia juu ya ardhi bila kuzama. Kwenye nafaka ilikimbia karibu robo. Kwenye nyasi haikufika asilimia 2, na kichakani haikufika hata asilimia 1. Kitalu kitupu na kile kilicholimwa vilipoteza udongo wa tani nyingi kwa hekta, wakati nyasi na kichaka vilishikilia wao karibu wote.

Mwalimu mwenye kisa hiki mkononi ana somo zima la sayansi, jiografia na hisabati. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwenye hekta moja huleta lita 400,000 za maji. Nusu yake ikikimbia, ni lita 200,000, yaani mapipa 1,000 ya lita 200 kutoka hekta moja tu. Ardhi hiyohiyo ikiwa na nyasi, kwa asilimia 2 yatakimbia mapipa 40. Wanafunzi wakishazidisha hekta hiyo kwa vilima wanavyoviona dirishani, wataanza kuelewa maji ya kumega tuta la reli hutoka wapi. Jaribio lenyewe halidai maabara. Chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu hukatwa ubavuni. Moja hutiwa udongo mtupu, nyingine hutiwa bonge la udongo wa aina hiyohiyo lenye nyasi na mizizi yake. Zote hulazwa juu ya tofali zikiinamia upande wa mdomo. Kopo lililotobolewa matundu kwa msumari hutumika kumwaga kikombe kimoja cha maji kwenye kila chupa, polepole, na maji yanayotoka hukingwa kwenye glasi. Glasi ya kwanza hujaa haraka maji mekundu ya tope. Ya pili hupata maji kidogo, tena maangavu zaidi. Hapo ndipo fasili ya ubaoni inapopata mahali pa kukaa kichwani.

Mtu anaweza kuuliza kama faida hii ya kisa ni dhana tu ya wanaopenda hadithi. Ushahidi upo. Mwaka 2012, watafiti Diana Arya na Andrew Maul walichapisha utafiti uliofanywa Marekani, ambamo wanafunzi walisomeshwa maarifa yaleyale kwa namna mbili. Kundi moja lilisoma maelezo ya kawaida ya kitabu cha kiada, jingine likasoma masimulizi ya namna Galileo na Marie Curie walivyofikia ugunduzi wao. Waliosoma masimulizi walielewa na kukumbuka vizuri zaidi. Mwaka 2016, Xiaodong Lin-Siegler na wenzake walitoa matokeo ya wanafunzi 402 wa sekondari katika mitaa ya kipato cha chini jijini New York. Baadhi walisoma namna Einstein, Curie na Faraday walivyohangaika, wakashindwa na kurudia. Wengine walisoma mafanikio yao tu. Waliosoma mahangaiko walipanda alama za sayansi, hasa wale waliokuwa nyuma, ilhali waliosoma sifa peke yake hawakupata faida hiyo. Tofauti ya makundi haya inafundisha jambo. Kumsifu mwanasayansi hakumsaidii mwanafunzi. Kinachomsaidia ni kuonyeshwa njia aliyopita, pamoja na mahali alipokwama.

Kuna ushahidi mwingine wa karibu zaidi, na Dodoma yenyewe imo ndani yake. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia maisha ya watu kama Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu. Mchezo ulirushwa kupitia mitambo ya sehemu nyingi za nchi, lakini mtambo wa Dodoma ulipewa vipindi vingine kwa makusudi. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, walitaka eneo la kulinganisha. Kwa miaka miwili wakazi wa Dodoma na maeneo yanayoizunguka hawakuusikia mchezo huo kwenye mtambo wao, huku wenzao wa sehemu nyingine wakiufuatilia kila wiki. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule ulikosikika, Dodoma yakabaki palepale. Mwaka 1995 Dodoma nayo ilipofunguliwa mchezo, mabadiliko yakaja huko pia. Ni mara chache simulizi kupimwa namna hii, kwa kanuni ileile ya vitalu vya Mpwapwa: mambo mengine yafanane kadiri inavyowezekana, kisha jambo moja litofautiane. Mwalimu wa mkoa huu anaweza kulisimulia jaribio hilo lenyewe kama kisa, kwa kuwa wazazi na mababu wa wanafunzi wake ndio waliokuwa kundi la ulinganisho.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria, kichocho, minyoo na kuhara, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao. Vyoo vilichimbwa na nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Wanaoikumbuka kampeni hiyo hutaja redio kwanza, lakini redio pekee isingetosha. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na viongozi hao walifika makumi ya maelfu. Kipindi kilipokwisha, wao ndio walioanzisha maswali: je, haya yaliyosemwa yapo hapa kwetu? Tumeyaona wapi? Tufanye nini juma hili? Habari za kitaalamu ziligeuka kuwa mazungumzo ya wenyeji, na mazungumzo yakageuka kuwa kazi. Darasa la sayansi lina kila kitu kilichohitajika wakati ule: watu waliokaa pamoja, kiongozi aliyesomea kazi yake, na mazingira ya kukagua. Linalokosekana mara nyingi ni ile habari ya kuanzia mazungumzo.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halifai kupuuzwa: simulizi hupotosha. Mwaka 2011 Watanzania na majirani zao walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kilichowapeleka kule ni simulizi. Fulani kapona kisukari, fulani katupa magongo, jirani wa shemeji yangu amepimwa na virusi havionekani. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, na wataalamu wa afya wakalazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa zao. Baadhi ya vyombo vya habari vilisukuma wimbi hilo kwa kurudia shuhuda bila kuuliza zinathibitishwaje. Kama simulizi ina nguvu ya kubadili mwenendo wa watu kama Twende na Wakati ulivyofanya, ina nguvu hiyohiyo ya kuwapeleka wagonjwa mahututi barabarani. Anayetaka kuiingiza darasani bila tahadhari anacheza na moto.

Jibu la pingamizi hilo haliwezi kuwa kufunga mlango wa darasa, kwa sababu simulizi hazingoji ruhusa ya mwalimu. Zimeshaingia kwa simu, kwa vijiwe vya kahawa, kwa mabasi na nyumba za ibada. Swali lililobaki ni kama mwanafunzi atafunzwa kuzihoji. Hapo ndipo uandishi wa habari za sayansi unapotoa kitu ambacho hadithi ya kawaida haina, yaani maswali ya kazi. Nani amesema? Amejuaje? Ni watu wangapi waliopimwa, na walilinganishwa na nani? Ni nani mwingine asiye na maslahi aliyeliangalia jambo hili? Nini kingetokea bila dawa hiyo? Mwanafunzi aliyewahi kuona vitalu vinne vya Mpwapwa anaelewa mara moja kwa nini ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi: ni kitalu kimoja kisicho na cha kulinganisha. Kwa hiyo habari za kikombe zinaweza kuingia darasani zenyewe, zikawekwa mezani na kukaguliwa, bila kumdhihaki yeyote aliyekwenda akitafuta nafuu.

Umuhimu wa maswali hayo ulionekana kwa uchungu mwaka 2016. Katika maeneo ya mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, watu walianza kuugua: macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulifika kwenye mahindi, na ndani ya mahindi ukakuta sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus wanaoota kwenye nafaka na karanga, hasa zisipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Sumu hiyo haina rangi wala harufu ya kumwonya mpishi, na haitoki kwa kuchemsha ugali muda mrefu. Kisa hicho kina kila kitu ambacho somo la sayansi linatafuta: dalili, dhana zinazoshindana, ulinganisho wa waliougua na wasiougua, sampuli zilizopelekwa maabara, na hatimaye ushauri unaofuata kutoka kwenye kipimo: anika juu ya turubai na si juu ya udongo, hakikisha punje zimekauka kabla ya kufunga gunia, chambua zilizovunjika na zilizoota ukungu, inua magunia kutoka sakafuni. Historia ya sumu hiyo ni kisa kingine chenye mvuto. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka nje. Mtoto aliyepitishwa hatua hizo anaondoka na zaidi ya jina la kuvu. Anajua kwa nini mama anapaswa kukataa mahindi yenye unyevu, na anaweza kumweleza sababu.

Pingamizi la pili hutolewa na watu makini zaidi. Visa vya kisayansi tulivyorithi, wanasema, vingi vilisimuliwa na watawala, na mkulima wa Kiafrika ndiye mkosaji ndani yake. Ni kweli. Vipimo vya mmomonyoko vya wakati wa ukoloni vilitumika kuhalalisha amri za kupunguza mifugo na kulima matuta, na mwaka 1955 watu wa Uluguru waligoma waziwazi dhidi ya amri kama hizo. Hata baada ya uhuru, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliondoa mifugo katika eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979, na familia nyingi zililazimika kuhamisha ng'ombe wao. Isitoshe, kitalu kidogo hakiwezi kusema yote kuhusu bonde zima. Ndiyo maana kundi la Anders Rapp, katika mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, lilikwenda hatua zaidi na mwaka 1972 likachapisha vipimo vya mabonde karibu na Dodoma, likiangalia ni udongo kiasi gani unaoishia kwenye mabwawa kama la Ikowa. Mambo haya yote yanaongeza thamani ya kisa darasani. Mwandishi mzuri huuliza nani alipima, lakini pia huuliza nani alilipa gharama ya hatua zilizochukuliwa baada ya kupima, na kipimo chenyewe kiliacha nini nje.

Tena, hao watawala wenyewe wametuachia jirani na Mpwapwa kisa kinachowageuzia kibao. Mwaka 1946 tume iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, ikapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matingatinga yalihangaika na mibuyu na vichaka, mvua haikuwa ile iliyotarajiwa, na udongo ulipokauka ulikakamaa hivi kwamba karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Hapa wenye vyeo na mitambo ndio waliokwenda mbele bila kipimo cha kutosha cha mvua na udongo wa mahali, ilhali wenyeji walikwishajua miaka ya njaa ya Ugogo. Kisa cha vitalu na kisa cha karanga vikifundishwa pamoja, mwanafunzi anajifunza kwamba sayansi haina upande wa kuzaliwa: anayepima kwa uangalifu hupata kitu, asiyepima hupata hasara, awe nani. Somo hilo halimdhalilishi mkulima, wala halimnyenyekei mtaalamu.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi katika ofisi za walimu: muda hautoshi, darasa lina wanafunzi wengi, na Baraza la Mitihani halitaki kisa, linataka jibu. Watafiti wa elimu wanaongeza onyo lao, kwamba maelezo ya kuvutia yasiyohusiana na kiini cha somo humfanya msomaji akumbuke pambo na kusahau hoja. Onyo hilo ni sahihi na linatoa kanuni ya kuchagua. Katika kisa cha Staples, sura yake, safari zake na nyumba aliyoishi vinaweza kuachwa. Mteremko, kitalu na maji yaliyokingwa haviachwi. Kisa kizuri cha darasani ni kifupi, ukurasa mmoja au dakika kumi, na kila tukio lililobaki ndani yake linabeba hatua ya hoja. Kikiwa hivyo hakili muda wa somo, kwa kuwa chenyewe ndicho somo. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutumia alichojifunza. Hakuna anayeweza kutumia maarifa asiyojua yanatoka wapi na yanakomea wapi.

Kuhusu mtihani unaotaka jibu moja, Tanzania ina kisa kinachojulikana dunia nzima isipokuwa, pengine, katika baadhi ya madarasa yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inaisha, naye akaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa yameshapoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Likizoni aliwakuta wauza aiskrimu wa Tanga wakiweka mchanganyiko ukiwa moto kwa kuwa, kwa uzoefu wao, ndiyo njia ya haraka. Baadaye, Mkwawa, Iringa, wenzake na mwalimu wake walicheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuja mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijana aliuliza tena mbele ya watu wote, na Osborne akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara alipata kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu linalofaa. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba. Halikuishia hapo. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza na kupokea majibu takriban 22,000, na mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo walivyosema havikuonyesha athari hiyo kabisa. Mpaka leo watu wanabishana. Kwa mwalimu, uzito wa kisa hiki uko katika namna ya kubishana: kila aliyekataa au kukubali baada ya 1969 alilazimika kueleza chombo alichotumia, mahali alipoweka kipimajoto, na maana aliyoipa kuganda. Kicheko cha Mkwawa hakikudai lolote kati ya hayo.

Yapo mapingamizi ya kawaida zaidi, ambayo majibu yake ni ya utendaji. Sekondari hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na visa vizuri vya Kiswahili ni vichache. Lakini kisa kinaweza kusimuliwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, kisha istilahi na muhtasari vikaandikwa kwa lugha ya mtihani. Mwanafunzi aliyekwishaelewa ana kazi ya kutafuta neno tu, wakati asiyeelewa ana kazi mbili. Wengine husema walimu hawakusomea uandishi. Historia inajibu kwamba idara ya elimu yenyewe iliwahi kuwa mchapishaji: tangu 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa gazeti la Mambo Leo, lililosomwa shuleni na majumbani, likichanganya habari za kilimo, afya, dunia na ushairi, na kurasa zake zilibeba mashairi ya Shaaban Robert. Shabaha za serikali ya kikoloni zilikuwa zake, lakini umbo lile lilifanya kazi. Leo Mpwapwa ina chuo cha ualimu na kituo cha utafiti ndani ya mji mmoja. Mwalimu tarajali anayepewa kazi ya kukaa na mtafiti wa malisho kwa siku moja, akarudi na ukurasa mmoja wenye swali, njia, tarakimu na mashaka yaliyobaki, anajifunza kufundisha na kuandika kwa pamoja. Kurasa kama hizo zikikusanywa chuoni kwa miaka michache, zitakuwa hazina ambayo vitabu vya kiada vinavyochapishwa Dar es Salaam kwa nchi nzima haviwezi kuitoa.

Waandishi wa habari nao wana sehemu yao. Ripoti ya mafuriko inayoishia kwenye idadi ya mabehewa yaliyokwama haimsaidii mwalimu. Ikiongezwa aya mbili, moja ikieleza maji yalitoka vilima gani na vimefunikwa na nini, nyingine ikieleza mtaalamu amejuaje anachosema, inaweza kukatwa gazetini na kubandikwa ukutani darasani. Na watunga mitihani wakiweka swali moja tu lenye habari fupi, wakamtaka mtahiniwa aseme ni ushahidi gani unaokosekana, walimu watafuata, kwa maana shule zetu hufundisha kinachoulizwa. Hatua hizo tatu, ukurasa wa chuoni, aya mbili za gazeti na swali moja la mtihani, hazihitaji mradi wa wafadhili wala vifaa vya kuagiza. Zinahitaji makubaliano kwamba kujua jambo na kujua lilivyojulikana ni sehemu mbili za elimu moja. Shule inayotoa ya kwanza peke yake huwapa watoto maarifa ambayo mtu yeyote mwenye simulizi tamu zaidi anaweza kuwanyang'anya.